Akimaliza Mapema, Anafanya Nini? Tulivyomtafutia Shule Mtoto Mwenye Kipawa

Mzazi mwenzangu, kama una mtoto anayemaliza kazi ya darasani wakati wenzake bado wanaandika tarehe, ukitembelea shule yoyote anza na swali hili kabla hujagusa habari ya ada: "Akimaliza mapema, anafanya nini?" Sisi tumezunguka shule nyingi za Dar es Salaam, tumemhamisha mtoto mara mbili, na fedha zilizotutoka zingetosha kupandisha kuta za vyumba viwili kwenye kiwanja chetu cha Kinyerezi. Jibu la swali hilo ndilo lililonionyesha tofauti ya shule na shule, kuliko majengo, kuliko jina la mtaala, kuliko mabango ya barabarani.

Binti yetu alizaliwa 2016. Usiku mmoja, hata miaka minne hajatimiza, umeme uliisha, baba yake akanunua LUKU kwa simu. Mtoto aliitazama ile meseji, kisha baba yake alipokuwa anabofya kwenye mita, yeye akawa anamtajia namba, zote ishirini, bila kuangalia simu. Bibi yake mzaa baba alikuwepo. Hakupiga vigelegele. Aliniita jikoni akaniambia, "Mwanangu, hili usilitangaze. Macho ya watu si mazuri." Nilimsikiliza, na hadi leo naona alisema kweli, hata kwa wasioamini kijicho. Mtoto anayeambiwa kila siku kwamba yeye ni kipanga huanza kukwepa kazi yoyote inayoweza kuonyesha kwamba hajui.

Jambo ambalo watu hawakuambii kuhusu watoto hawa ni kwamba hawakui kwa mkupuo mmoja. Akiwa na miaka sita alikuwa anauliza maswali ya mtoto wa miaka kumi na moja kuhusu kifo na nyota, na papo hapo alikuwa analia nusu saa kwa sababu soksi imejikunja ndani ya kiatu. Mwalimu akiona upande mmoja tu, atasema mtoto huyu ni mkubwa, au atasema amedekezwa. Wote wawili watakuwa wamekosea.

Alianza darasa la kwanza Januari 2022 katika shule ya mchepuo wa Kiingereza isiyo mbali na nyumbani. Ada ilikuwa karibu milioni mbili na nusu kwa mwaka, basi na chakula mbali. Shule ilikuwa na sifa ya ufaulu. Baraza la Mitihani, NECTA, liliacha kutangaza shule na wanafunzi bora mapema 2023, lakini getini kwao bango la matokeo halikushuka, na darasani kila kitu kilielekezwa kwenye mtihani. Hesabu ishirini za kujumlisha, kisha ishirini nyingine za namna ileile. Binti yangu alimaliza za kwanza, akapewa za pili. Alipomaliza za pili akaambiwa azirudie kwa mwandiko mzuri. Muhula wa pili akagundua njia ya kujiokoa: kufanya polepole. Nilipoyaona madaftari yake nilidhani ameshuka. Alikuwa amejifunza kwamba kumaliza ni kuongezewa mzigo.

Kuzungumza Kiswahili uwanjani kulimvalisha kibao shingoni. Mara moja alichapwa kwa "kubishana na mwalimu", maana alisema kwamba kuna namba ndogo kuliko sifuri. Kanuni za serikali za 2002 zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyepewa ruhusa naye, na viandikwe kwenye kumbukumbu. Ukiwa mzazi unaweza kuomba kuona kumbukumbu hiyo. Niliomba. Haikuwepo.

Asubuhi zikawa za tumbo kuuma. Hospitali hawakuona kitu. Alikuwa anatafuna kola ya shati mpaka inalowa. Nilikuwa nalia bafuni maji yakiwa yamefunguliwa, kwa sababu baba yake alikuwa bado hajaona tatizo na mimi sikuwa na jina la kuliita. "Sisi tumesoma kayumba, shule za serikali, watoto mia darasani, na tupo," alikuwa anasema. Alisema kwa upendo. Aliogopa nisimfanye binti yake kuwa yai.

Shule ilipendekeza arushwe darasa. Tafiti za Marekani kuhusu jambo hili kwa ujumla zinaliunga mkono, hata kwa upande wa urafiki na hisia, kwa hiyo usilikatae kwa sababu tu shangazi amesema mtoto atazeeka mapema. Sisi tulilikataa kwa sababu nyingine: darasa la juu lilikuwa linafanya yaleyale, kwa namba kubwa zaidi. Angepata miezi mitatu ya upya, kisha kola ingelowa tena.

Ndipo tukaenda kwa mwanasaikolojia. Gharama ilikuwa laki kadhaa, na nashauri uulize bei yote mapema, pamoja na ripoti, maana wengine huitoza kivyake. Alitumia kipimo cha akili cha Wechsler cha watoto. Wastani wake ni 100, na alama 130 kwenda juu hupatikana kwa takriban watoto wawili katika mia. Yule mama alikuwa Mtanzania mwenzetu na alituambia jambo la maana kabla hata hajaanza: viwango vya kipimo hiki vimepatikana kwa kuwapima watoto wa nchi nyingine, na sehemu ya maneno inampima pia mtoto ni Kiingereza kiasi gani amekisikia nyumbani. Kwa hiyo akaongeza kipimo cha Raven, kile cha michoro yenye kipande kimoja kilichokosekana, kisichohitaji lugha. Na kweli, kwenye michoro alipanda juu sana, kwenye maneno ya Kiingereza akawa mzuri wa kawaida. Mtoto anayeota kwa Kiswahili akipimwa kwa Kiingereza pekee unaweza kurudi nyumbani na karatasi inayomdhulumu. Uliza watapima kwa lugha gani.

Ile karatasi ilimsaidia baba yake zaidi kuliko shule yoyote. Aliisoma mara mbili, akanyamaza, kisha akasema, "Basi tutafute."

Tukaanza kuzitembelea shule za upande wa pili, zile zinazosema mtoto ndiye kiongozi wa kujifunza, hakuna kiboko, hakuna kukariri. Kwa lugha ya walimu wetu ni mbinu shirikishi, ila hizi zimezifanya ndiyo shule yenyewe. Tulianza na shule moja ya mfumo wa Montessori iliyokuwa na mwalimu aliyeusomea kwa masista, na pale nilitamani kubaki. Watoto wa miaka mitatu mpaka sita chumba kimoja, kila mmoja na mkeka wake, mtoto wa miaka mitano anahesabu maelfu kwa shanga na hakuna anayemkatiza. Lakini iliishia chekechea. Nyingine zenye jina hilo zilikuwa na jina tu. Fahamu kwamba neno Montessori halimilikiwi na mtu, yeyote anaweza kuliandika getini. Uliza mwalimu alisomea wapi na watoto wanapewa muda gani wa kufanya kazi bila kengele. Wakikujibu vipindi vya dakika arobaini, ni shule ya kawaida yenye vifaa vya mbao. Vivyo hivyo kwa shule zinazojitangaza kuwa za mtaala wa kimataifa wa IB (International Baccalaureate): kuna zilizoidhinishwa na kuna zilizo kwenye maombi, na orodha ya zilizoidhinishwa iko wazi kwenye tovuti ya IB yenyewe. Na kwa shule yoyote, iwe ya gharama gani, omba kuona cheti cha usajili cha Wizara ya Elimu. Mwenye nacho haoni shida kukuonyesha.

Agosti 2023 tulimpeleka shule ya kimataifa, ndogo, nzuri kwa macho, yenye bustani ya mboga na kuta zilizojaa kazi za watoto. Ada ilikuwa dola 3,600 kwa mwaka. Siku tunalipa awamu ya kwanza dola ilikuwa karibu shilingi 2,400, yaani milioni 8.6. Katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600, na ada ileile ikawa zaidi ya milioni 9.3 bila shule kuongeza hata senti. Mshahara wetu ni wa shilingi. Tangu 2025 kanuni zinakataza kutoza huduma za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo wewe utapata ankara ya shilingi, ila soma mkataba uone kama ada imefungwa kwa mwaka mzima au itapandishwa kila muhula. Juu ya ada kulikuwa na fomu ya maombi isiyorudishwa, ada ya kujiunga, amana, basi kutoka Tabata, chakula, ziara. Amana tulirudishiwa baada ya miezi mingi kwa sababu barua yetu ya kuondoka ilitakiwa itangulie muhula mzima. Kipengele hicho kilikuwa ukurasa wa mwisho.

Miezi ya kwanza ilikuwa raha tupu, na siidharau raha hiyo. Tumbo liliacha kuuma. Alirudi kuimba. Mtoto aliyeumia anahitaji kwanza mahali pa kupumua, na walimu wale walikuwa wapole kweli. Lakini muhula wa pili nilianza kuona jambo. Nilipouliza akimaliza mapema anafanya nini, jibu lilikuwa, "Yuko huru, anachagua anachopenda." Alichopenda ni kuchora farasi. Akachora farasi mwaka mzima. Hakuna aliyemwambia, njoo nikuonyeshe mifupa ya mguu wa farasi, njoo tupime hatua yake. Mradi wao wa volkano ulikuwa wa udongo, siki na magadi, na volkano zote kumi na tano zilifanana, maana mwalimu ndiye aliyebuni na watoto wakapaka rangi. Hesabu ilikuwa ya kugusagusa. Alipokutana na swali gumu la kweli, nyumbani, nililolitoa kwenye kitabu cha mjomba wake, alilisukuma mezani akasema, "Mimi siwezi," baada ya dakika mbili. Alikuwa na miaka minane na hajawahi kushindwa kitu darasani. Hapo niliogopa kuliko siku za kola.

Shule ya kwanza ilimnyima uhuru, ya pili ilimnyima kazi. Mtoto mwenye kipawa anahitaji vyote viwili pamoja, na mtu mzima anayejua somo lake vya kutosha kumpeleka mahali ambapo atakwama na kumkalisha hapo mpaka ajikwamue. Uhuru bila mwalimu wa namna hiyo humwacha mtoto na vile alivyokuja navyo.

Mjomba wake, kaka yangu, alisoma Ilboru, sekondari ya serikali ya vipaji maalum. Siku moja tukiwa mezani alisema kitu kilichobadilisha utafutaji wetu. "Dada, sisi pale hatukuwa na chochote cha kisasa. Maharage, taa ikikatika tunasoma kwa mshumaa. Lakini kwa mara ya kwanza nilikaa na watu ambao nikisema kitu hawashangai." Wenzake. Nilikuwa nimeuliza kila shule kuhusu vifaa na sikuuliza kama kuna mtoto mwingine wa aina yake. Tena akanikumbusha kwamba kupangiwa Ilboru, Kibaha, Mzumbe au Tabora, na kwa wasichana Kilakala, Msalato au Tabora Girls, kunatokana na mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi. Mtoto aliye kwenye mtaala wa kigeni asiyeufanya mtihani huo hayumo kwenye mgawo. Shule za kimataifa hazikufichi jambo hili, ila hazilitaji usipouliza, na mzazi wa mtoto wa miaka saba hafikirii kidato cha kwanza. Fikiria.

Kwa hiyo tukarudi kutafuta shule ya mtaala wa taifa yenye ufundishaji tofauti, jambo ambalo wengi walituambia halipo. Nilibadilisha namna ya kutembelea. Siku za wazi niliziacha, kwa sababu siku hiyo hata watoto wamefundishwa cha kusema. Niliomba kukaa nyuma ya darasa asubuhi nzima, siku ya kawaida. Shule zilizokataa nilizifuta. Nikikaa, nilikuwa nasikiliza ni nani anayeuliza maswali. Mwalimu akiuliza yote na watoto wakajibu kwa pamoja, sikuhitaji kuona zaidi. Niliomba madaftari mawili ya watoto tofauti wa darasa moja, nione kama yanafanana, na kama makosa yameandikiwa neno la kumsaidia mtoto au alama nyekundu ya kosa tu. Niliuliza walimu wa mwaka juzi wako wapi. Na nilizungumza na matroni wa basi na mlinzi, kwa sababu wao wanajua watoto wanapanda basi wakiwa na sura gani.

Shule tuliyoipata iko kwenye nyumba iliyopanuliwa, haina bwawa, maktaba yake ni makabati matatu. Mwalimu mkuu ni mzee aliyestaafu serikalini. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamuuliza swali langu. Akafikiri. "Inategemea amemaliza nini, mama. Akimaliza hesabu nilizompa mapema, basi nimempa nyepesi. Kosa ni langu, si ushindi wake. Niletee kwa wiki moja nimwone, ndipo nitakujibu." Hakuna mwingine aliyeniomba muda.

Wiki hiyo haikuwa na malipo. Mwisho wake alinieleza: hesabu atafanya na darasa lililo juu kwa madarasa mawili, masomo mengine na michezo atabaki na rika lake, na kila Ijumaa ataleta swali lake mwenyewe ambalo hajui jibu, aeleze ametafuta wapi. Kiswahili kinazungumzwa uwanjani bila adhabu. Nilimwambia nimezunguka sana kutafuta shule ya kisasa. Akasema watu wanadhani mambo haya yana wenyewe huko nje, Mmarekani Dewey na shule yake ya Chicago ya 1896, Mwitaliano Montessori na nyumba yake ya watoto ya Roma ya 1907, wakati Mwalimu Nyerere katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967 alishalalamikia shule inayomfanya mtoto aamini elimu yote iko vitabuni, na alitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shule yao. "Tumeisoma wote chuoni," alisema. "Kuitenda ndiyo kazi."

Binti yetu alianza pale Januari 2025, darasa la nne. Ada ni milioni tatu na laki sita. Uhamisho ulitusumbua, na lililotuokoa ni kwamba namba yake ya PReM, yaani ya mfumo wa NECTA wa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi, ya shule ya kwanza bado ilikuwepo kwenye mfumo. Usiipoteze namba hiyo hata kama unampeleka mtoto kwenye mtaala wa kigeni, na omba uhamisho ufanyike kwenye mfumo, si kwa barua pekee.

Siku ya kwanza ya hesabu na wakubwa alipata saba kati ya ishirini. Alirudi amekasirika, akagoma kula. Mwalimu alinipigia jioni, akaniomba nisimfariji kwa kumwambia yeye ni mdogo. "Mwache akasirike. Kesho nitamwonyesha namna ya kurudia." Ilichukua muhula mzima kabla hajaacha kulificha daftari lenye makosa. Sasa analiacha wazi mezani.

Shule ina upungufu wake. Majaribio ya sayansi ni machache, mwalimu wa Kifaransa aliondoka na hajapatikana mwingine, mawasiliano na wazazi ni ya kubahatisha. Jumamosi tunampeleka Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi, na fedha tuliyookoa kwenye ada ndiyo inayonunua vitabu. Nyingine imekwenda kwa kaka yake. Hili naomba lisipite kimya. Tuna mtoto mkubwa wa kiume, wa kawaida, mwenye roho nzuri, na kwa mwaka mmoja na nusu hivi alikuwa anaona ada ya milioni tisa ikienda kwa mdogo wake huku yeye viatu vikisubiri mwisho wa mwezi. Siku aliyosema, "Mama, mimi nisipokuwa na akili si ndiyo rahisi kwenu?" sikulala. Tulimwomba radhi wote wawili, mimi na baba yake. Sasa anajifunza ufundi wa umeme wa magari siku za likizo, analipiwa kama mdogo wake anavyolipiwa. Ukiwa na watoto zaidi ya mmoja, andikeni kwenye karatasi kila mmoja anagharimiwa nini, mkae nayo mkiwa wawili, kabla ya kusaini mkataba wa shule yoyote ya ghali.

Binti yetu sasa yuko darasa la tano. Kundi lake, lililoanza mtaala mpya likiwa darasa la tatu Januari 2024, linatarajiwa kuwa la kwanza kumaliza msingi kwa miaka sita, 2027, mwaka uleule darasa la saba litakapomaliza pia. Nafasi za shule za vipaji maalum zitagombewa na makundi mawili. Kabla ya hapo kuna shida iliyo karibu zaidi: mwakani darasa analofanya nalo hesabu litakuwa limeondoka. Tumekubaliana na familia nyingine mbili, na shule ikatoa chumba, kumlipa kwa pamoja mwalimu mstaafu wa sekondari aje mara mbili kwa wiki awafundishe watoto watatu. Mmoja wao ni mvulana anayebishana na binti yangu kuhusu kila kitu, na siku asipokuja binti yangu anauliza kwa nini.

Kuhusu Kilakala hatujaamua. Mjomba anasema aende, bibi anasema bweni ni mbali na mtoto bado mdogo, baba yake anabadilika kila mwezi. Mwenyewe anataka kujua jambo moja tu, bwenini taa zinazimwa saa ngapi, kwa sababu anapenda kusoma usiku. Nimeliandika kwenye orodha ya maswali ya kuuliza tukienda Morogoro.